Diski Zisubiri Zamu Yake: Hotuba kwa Wamiliki na Mafundi wa Magari ya Zamani, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, wamiliki wa magari, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana:

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Kabla ya kuingia ukumbini nilizunguka polepole katikati ya magari yaliyoegeshwa uani, nikaona Land Rover za Series II na III, Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle kadhaa, Morris Minor moja, na Land Cruiser za aina ya 40 ambazo bado zina sura ya kazi. Rangi zinang'aa, viti vimeshonwa upya, na kroma imesuguliwa mpaka mtu anaweza kujitazama. Nilipoinama kuchungulia nyuma ya magurudumu niliona mabomba yaliyoshikwa na kutu na mipira ya breki, yaani vibomba vya mpira, iliyopasukapasuka, kwa hiyo naomba radhi mapema ikiwa maneno yangu yatawagusa baadhi yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuboresha breki za magari haya. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni fupi: "Fundi, niweke diski?" Anamaanisha breki za diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi pande zote mbili, badala ya dramu za asili. Jibu langu ni kwamba diski ni jambo jema, lakini zina zamu yake, na zamu hiyo haiko mwanzoni. Kabla yake ziko kazi mbili, nazo ni kuzirudisha breki za asili katika hali iliyokusudiwa na kiwanda, na kuigawa njia ya fluidi, yaani mafuta ya breki, iwe mbili badala ya moja. Mtu anayeziruka kazi hizo mbili akakimbilia kununua diski amenunua pambo, tena pambo la gharama.

Kwanza tuzitendee haki dramu, yaani zile breki za kasha la duara linalozunguka na gurudumu, ambalo ndani yake shuu mbili zenye lainingi, yaani utando wa kusugulia, husukumwa nje kulikandamiza. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha ikashinda mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Miaka hiyo 404 ilitoka kiwandani ikiwa na dramu kwenye magurudumu yote manne. Gari lililopita katika vumbi na tope la mashindano yale likarudi na kikombe haliwezi kuambiwa leo kwamba halikuwa na breki.

Kilichobadilika ni barabara na wale tunaozitumia pamoja nao. Leo, katika Barabara ya Morogoro au ya Ali Hassan Mwinyi, gari lililo mbele yako lina diski zenye nafasi za kupitisha hewa na mfumo wa kielektroniki unaozuia magurudumu yasikwame, na dereva wake akikanyaga breki linasimama papo hapo. Ukiacha nafasi ya kutosha mbele yako kama inavyotakiwa, bodaboda mbili na bajaji moja zitaijaza kabla hujafika kwenye taa zinazofuata. Breki zilizoundwa kwa ajili ya dereva aliyeona hatari kutoka mbali sasa zinatakiwa kufanya kazi ya ghafla, tena mara nyingi, kutoka Posta hadi Mbezi, katika joto na foleni.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitoa joto hilo hewani. Kiasi cha joto hakiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Gari la tani moja linalosimama kutoka kilomita 50 kwa saa huzalisha takriban kilojuli 96, na gari hilohilo likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa huzalisha zaidi ya kilojuli 380. Land Rover ya inchi 109 iliyopakia watu na mizigo huzidi tani mbili, kwa hiyo hesabu yake iongezeni mara mbili na zaidi. Joto lote hilo, katika breki ya dramu, linazaliwa ndani ya kasha lililofungwa. Dramu ikipata moto hutanuka, na inapotanuka uso wake wa ndani unakwenda mbali na shuu, hivyo pedali huzama zaidi ili shuu ziufikie. Wakati huohuo lainingi ya shuu iliyopata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wake wa kushika. Dereva anakanyaga kwa nguvu zaidi na kupata kidogo zaidi ya alichopata kabla, kisha pungufu yake. Wenzetu wanaopita mteremko wa Kitonga, katika barabara ya Iringa, wanaijua hali hiyo bila kusimuliwa, na wale wenye busara huingiza gia ndogo tangu juu ili injini ibebe sehemu kubwa ya kazi.

Diski ikipata moto hutanuka pia, lakini unene wake unaongezeka kuelekea pedi, si kuzikimbia, na pande zake zote ziko wazi mbele ya upepo. Vilevile hujifuta maji yenyewe. Sisi wa Dar es Salaam tunajua Jangwani panavyokuwa mvua kubwa zikinyesha. Dramu ikishaingia maji hubakia na maji, na breki ya kwanza baada ya kutoka humo huwa kama haipo. Dereva wa gari la dramu akishavuka maji anapaswa kukanyaga pedali kidogokidogo huku gari likitembea taratibu, mpaka ahisi shuu zimekauka na kushika. Hizo ndizo sifa za kweli za diski, nami sizipingi.

Hata hivyo dramu ina siri moja ambayo diski haina. Shuu ya mbele, yaani ile ambayo dramu inaizungukia kutoka upande wa silinda ndogo inayoisukuma, huvutwa na mzunguko wa dramu yenyewe na kujikandamiza zaidi, kwa hiyo mguu wa dereva unasaidiwa na gurudumu. Magari mengi yaliwekewa magurudumu ya mbele shuu mbili za namna hiyo, ndiyo maana baadhi yake yanasimama vizuri yakienda mbele lakini yanasitasita yakirudi nyuma kwenye mwinuko. Diski haijikandamizi, inategemea presha tupu. Mtu anayeondoa dramu akaweka diski bila kubadilisha kitu kingine hugundua kwamba sasa anahitaji mguu wa mwanariadha, na ndipo huanza kutafuta busta ya kuusaidia mguu, halafu masta silinda, yaani ile silinda kuu inayosukumwa na pedali kupeleka fluidi kwenye magurudumu, halafu valvu, na kazi ya wiki moja ikawa ya msimu mzima.

Sasa niingie kwenye kazi ya kwanza, ambayo haina mvuto lakini ndiyo inayoleta nafuu kubwa kwa fedha kidogo.

Mji wetu uko kando ya bahari. Hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na vyote viwili ni maadui wa breki. Fluidi za madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, kama yanavyoandikwa kwenye chupa, hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kupitia kwenye mipira. Fluidi mpya ya DOT 4 haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Kwa DOT 3 viwango hivyo ni 205 na 140. Fluidi ikichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba, mvuke unabanwa kirahisi, na pedali inakwenda mpaka sakafuni bila kitu kushika. Watu husema gari "limefeli breki" kana kwamba ni ajali ya Mungu, na pengine fluidi ilikuwa humo miaka sita, nyeusi kama chai ya rangi. Mimi nashauri kwamba hapa Dar es Salaam fluidi ibadilishwe yote kila mwaka, hata kama gari limetembea mara chache, kwa sababu unyevu haungoji gari litembee.

Ipo pia DOT 5, ambayo ni ya silikoni na hainyonyi maji. Wamiliki wa magari ya maonyesho huipenda kwa kuwa haiharibu rangi. Haichanganyiki na zile nyingine, na maji yanayoingia humo hayapotei bali hutuama sehemu za chini na kula chuma mahali pamoja, hivyo anayeitaka aanze na mfumo mpya mtupu au aiache kabisa. Nami nasisitiza jambo ambalo ningeliona dogo kama nisingeliona likitendeka: oili ya injini haiwekwi kwenye tangi la breki hata tone moja, hata njiani, hata usiku. Mipira ya ndani huvimba, silinda zote hukwama, na kila kipande cha mpira kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho kitatakiwa kubadilishwa. Wenye Citroën DS za kuanzia mwaka 1967, kama wamo humu, wana sheria yao wenyewe ya mafuta ya kijani ya madini, na hao nao wasithubutu kuweka DOT 4.

Mabomba ya chuma huoza pale yanapopita chini ya vibano, mahali ambapo tope lenye chumvi hukaa na macho hayafiki. Ukiyabadilisha, tumia bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambalo halishiki kutu na hukunjika kirahisi, na mwisho wa kila bomba upanuliwe kwa kifaa chake maalumu kufuata umbo la kiungo cha gari hilo. Viungo vya kubana vya mafundi bomba wa nyumbani havihusiki hapa. Mipira ya breki inunuliwe mipya, kamwe si ya mtumba, kwa sababu mpira wa zamani huziba kwa ndani huku nje ukionekana mzima: fluidi inasukumwa kwenda, lakini hairudi upesi, na gurudumu hilo linabaki limeshikwa kidogo. Gari linalovuta upande mmoja dereva anapokanyaga breki, au gurudumu moja linalonuka moto baada ya safari fupi, mara nyingi tatizo lake ni mpira wa bei ndogo.

Dramu zenyewe zipimwe. Dramu iliyopoteza uduara inatikisa pedali, na fundi wa mashine ya kukereza anaweza kuinyoosha, lakini kila dramu ina kipenyo cha juu kisichopaswa kuzidishwa, na dramu iliyochongwa mpaka ikawa nyembamba itapata moto haraka kuliko ilivyokuwa. Baada ya kuchongwa, shuu mpya zinapaswa kulingana na mviringo mpya wa dramu. Zikigusa katikati tu, au pembeni tu, breki zitakuwa dhaifu kwa muda mrefu. Mwisho kabisa ni marekebisho ya shuu. Land Rover hizi zina bolti za kurekebishia nyuma ya sahani ya breki, na kazi ya kuzikaza hadi gurudumu ligome kisha kulegeza kidogo inahitaji spana moja na subira. Nimeletewa magari yaliyosemekana yanahitaji diski, kumbe shuu zilikuwa hazijarekebishwa tangu zifungwe.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya mafundi wenzangu, hasa vijana. Shuu nyingi za zamani zina asbesto. Vumbi lile tunalolipuliza kwa kompresa mara tu dramu inapofunguka huingia mapafuni na kubakia humo, na madhara yake, pamoja na saratani, hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau gari lenyewe. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya asbesto mwaka 1999, lakini shuu zilizotengenezwa kabla ya hapo bado ziko kwenye magari yetu na kwenye maboksi ya akiba ya wazee wetu. Msipulize. Lowesheni kwa maji ya sabuni, futeni kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko kingali kimelowa, na mvae barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa cha kujifunga puani. Mwenye gari anayesimama pembeni na mtoto wake kutazama kazi naye aambiwe akae mbali.

Kazi ya pili ndiyo iliyonileta hapa hasa, na ningependa mtoke nayo hata kama mtasahau mengine.

Magari mengi yaliyoko uani yana masta silinda ya chumba kimoja. Fluidi yote, ya magurudumu yote manne, inatoka mahali pamoja na kupita njia moja. Mpira mmoja ukipasuka, bomba moja likitoboka, silinda moja ya gurudumu ikivuja, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mkanyago mmoja. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuachana na mpangilio huo kwa magari madogo mapya kuanzia mwaka 1968, na katika nchi nyingine viwanda vilifuata kila kimoja kwa wakati wake. Magari yetu yalizaliwa kabla ya hapo, au katika nchi ambazo sheria ilichelewa.

Mtu ataniambia kwamba ana breki ya mkono. Mwenye Land Rover ya Series asikilize vizuri. Breki yake ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya giaboksi na inashika propela shafti ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu na magurudumu ya nyuma. Imetengenezwa kulishikilia gari lililosimama. Ukiivuta gari likiwa kwenye kasi, mshtuko wote unapita kwenye propela, difu na ekseli, na ekseli za nyuma za magari hayo zinajulikana kwa kukatika. Ekseli moja ikishakatika, difu huzungusha upande uliokatika bure, na breki ya mkono haishiki gurudumu lolote. Kwa maneno mengine, Land Rover ya zamani yenye masta silinda ya chumba kimoja inaweza kupoteza breki zake zote mbili mfululizo, ya kwanza ikiiangusha ya pili.

Masta silinda ya vyumba viwili ina pistoni mbili ndani ya silinda moja, kila moja na fluidi yake. Njia moja inakwenda mbele na nyingine nyuma. Njia moja ikivuja, pedali huzama zaidi ya kawaida na dereva hushtuka, lakini gari linasimama. Kwa kuwa uzito hukimbilia mbele gari linapofunga breki, njia ya mbele peke yake inaweza kufanya takriban theluthi mbili ya kazi au zaidi. Ya nyuma peke yake ni dhaifu, lakini itakufikisha kando ya barabara. Kazi hii haibadilishi sura ya gari wala haigusi magurudumu, na mtazamaji hataijua asipofungua boneti. Labda ndiyo sababu watu hawaitaki: hakuna wa kumwonyesha.

Inafanywa kwa makini, hata hivyo, na makosa matatu hurudiwarudiwa. La kwanza ni kipenyo cha masta silinda. Mtu anapata ya gari kubwa zaidi kule Ilala, Shauri Moyo, bolti zinaingia, anafurahi. Akitoka kwenye kipenyo cha milimita 19 kwenda milimita 22, presha inayopatikana kwa mguu uleule inapungua kwa zaidi ya robo, kwa sababu presha hufuata eneo la pistoni. Pedali inakuwa fupi na ngumu, na mwenye gari anasema breki sasa ni imara, lakini pedali ngumu na breki yenye nguvu ni vitu viwili mbalimbali. Gari lake litasimama mbali zaidi ya zamani. Kipenyo kikiwa kidogo mno, presha inapatikana lakini pedali inafika sakafuni kabla shuu hazijakaza. Hesabu ifanywe kwenye karatasi kabla ya kununua.

La pili ni fimbo ya kusukuma pistoni. Lazima iwe na nafasi ndogo, kama milimita moja, kabla haijaigusa pistoni. Isipokuwa na nafasi hiyo, pistoni hairudi mwisho, kitundu cha kurudishia fluidi kinabaki kimezibwa, na breki zinajifunga zenyewe taratibu kadiri zinavyopata moto. Gari linatoka gereji likiwa zuri na kukwama Ubungo katikati ya foleni, magurudumu yakifuka moshi, kisha likipoa linakwenda tena, na fundi anaambiwa ni jini.

La tatu ni valvu ndogo ya kubakiza presha, iliyomo ndani ya masta silinda nyingi za dramu ili kuzuia shuu zisirudi mbali sana. Dramu zinaihitaji. Diski haziihitaji, na ikibaki kwenye njia ya diski, pedi zitasugua muda wote. Anayepanga kuweka diski baadaye alijue hilo mapema.

Juu ya busta nitasema machache. Busta haiongezi uwezo wa breki kutoa joto. Inapunguza tu kazi ya mguu. Inavuta nguvu zake kwenye mvuto wa hewa wa manifoldi, njia ya kuingizia hewa, ya injini ya petroli. Wengi wetu tumeondoa injini za petroli kwenye Land Rover tukaweka dizeli za Kijapani, na dizeli haina mvuto huo, ndiyo maana altaneta nyingi za injini hizo zina pampu ya kuvuta hewa kwa nyuma. Mafundi wengine huiona pampu hiyo kama mzigo na kuiondoa pamoja na mpira wake. Ibakizeni. Na yule anayezima injini mteremkoni ili kubana mafuta aelewe kwamba busta itamsaidia kwa mikanyago miwili au mitatu, baada ya hapo yuko peke yake.

Sasa tumefika kwenye diski, na wale waliokuwa wakitazama saa wanaweza kukaa sawa.

Diski zinahitajika mbele, ambako uzito unakwenda. Nyuma acheni dramu. Zinatosha, na breki ya mkono ya magari mengi inakaa hapo kwa urahisi. Njia bora ni kutafuta sehemu za mdogo wake gari lako, yaani gari la kiwanda kilekile lililokuja baadaye likiwa na diski kutoka kiwandani. Mini ya kawaida ilitoka na dramu mwaka 1959, na Mini Cooper ya 1961 ikawa na diski mbele. Peugeot 404 za mwisho mwisho zilipewa diski mbele. Volkswagen Beetle ya 1500 ilitoka na diski mbele katikati ya miaka ya 1960, na Land Cruiser za 40 katikati ya miaka ya 1970. Katika familia ya namna hiyo wahandisi wamekwisha kupima habu, beringi, kalipa (kile kibanio kinachoshika pedi juu ya diski) na masta silinda vikiwa pamoja, na kazi yako ni kuchukua seti nzima bila kubakiza kipande. Kwa Land Rover za Series njia ni ndefu zaidi, kwa sababu One Ten ya 1983, iliyokuja na diski mbele, ina ekseli tofauti. Wapo wanaotumia seti zilizotengenezwa maalumu, na anayenunua ahakikishe ameletewa maelekezo ya masta silinda inayofaa.

Njia ninayoiogopa ni ile ya kuchukua kalipa yoyote na kuichomelea kishikio cha bati nene. Nawaheshimu mafundi wa Gerezani; wanaweza kutengeneza karibu kila kitu kwa chuma. Lakini tufanye hesabu pamoja. Gari la kilo 1,200 likifunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, kila gurudumu la mbele linashikilia ardhi kwa nguvu ya takriban niutoni 3,300. Kalipa iko karibu na kitovu kuliko tairi ilivyo, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye kishikio huzidishwa karibu mara tatu, ikawa kama niutoni 9,300. Huo ni karibu uzito wa tani moja ukining'inia kwenye kipande kimoja cha chuma, kila mara unapofunga breki kwa nguvu, kwa miaka. Weldi iliyowekwa juu ya chuma cha kusubu hupasuka pembeni mwake bila kuonyesha dalili. Kishikio kikatwe kwenye bamba zima, kifungwe kwa bolti zenye alama 8.8 au 10.9, na kipimwe na mtu anayejua kusoma mchoro. Kikiachia, kalipa huzunguka pamoja na diski na kukata mpira wake wa breki, na hapo ndipo mtakumbuka kwa nini niliizungumzia kwanza njia mbili za fluidi.

Kalipa za mtumba si haramu. Zifunguliwe, pistoni zikaguliwe. Pistoni yenye vishimo vya kutu itaharibu sili mpya kwa miezi michache. Rimu nazo zijaribiwe kabla ya kununua chochote, maana rimu za inchi 13 za magari mengi ya zamani hazina nafasi ya kalipa, na kuweka vipande vya kusogeza gurudumu nje huongeza mzigo kwenye beringi na kubadilisha tabia ya usukani.

Baada ya hapo inabaki mizani. Diski zikishika vizuri mbele, uzito mwingi zaidi utatoka nyuma, na dramu za nyuma zitakwama mapema. Magurudumu ya nyuma yakikwama kabla ya ya mbele, gari hugeuka mkia ukatangulia, hasa lami ikiwa imelowa. Valvu ya kupunguza presha ya nyuma iwekwe, na irekebishwe kwenye uwanja mtupu wenye sakafu iliyolowa maji, kwa kasi ndogo, mtu mmoja akiwa nje akitazama ni magurudumu gani yanakwama kwanza. Yanapaswa kuwa ya mbele.

Wapo wazee hapa watakaosema kwamba tunaharibu historia. Nawaunga mkono kwa magari yaliyotulia. Yale ya viongozi wetu yaliyoko Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, hayahitaji diski kwa kuwa hayaendi popote. Gari linalobeba wajukuu kwenda Bagamoyo Jumapili lina wajibu mwingine. Ninachoomba ni kwamba kila kilichofunguliwa kipakwe grisi, kiandikwe jina, kihifadhiwe kwenye boksi, na pasikatwe wala kutobolewa kitu ambacho hakiwezi kurudishwa.

Gari likitoka kazini lisikabidhiwe siku hiyohiyo. Upepo utolewe kwenye mabomba ya breki mpaka pedali ikae juu na ibaki juu mguu ukikandamiza kwa dakika nzima injini ikiwa inawaka. Kila kiungo kifutwe kwa karatasi kavu na kutazamwa tena kesho yake. Pedi mpya zisuguliwe taratibu, kwa mikanyago ya wastani kutoka kilomita 50 kwa saa hadi mwendo wa kutembea, zikipewa muda wa kupoa katikati, na dereva asisimame akiwa amekandamiza pedali wakati diski zina moto. Baada ya kilomita mia kadhaa rimu zifunguliwe tena na bolti zote zikaguliwe kwa spana ya kupimia ukazaji.

Ile Land Rover ya kijani iliyoinuliwa kwa jeki karibu na lango imevuliwa dramu moja ya mbele na masta silinda yake ya zamani iko mezani pamoja na mpya, zote zimekatwa dirisha ili muone pistoni ndani. Dramu imeshasafishwa kwa maji, kwa hiyo mnaweza kusogea. Walioniletea vipimo vya magari yao kwa ajili ya hesabu ya kipenyo wabaki nami pale; waliobaki waanze na Mwenyekiti kwa maswali.

Asanteni sana.